Toleo Lenye Mwisho: Majarida ya Reli ya Karatasi na ya Skrini kwa Msomaji wa Gakindu

Wapenzi wa reli, yaani watu wanaofuatilia historia ya njia za treni, mitambo yake na ratiba zake kwa mapenzi yao wenyewe bila kuajiriwa na shirika lolote, wamekuwa na majarida yao kwa zaidi ya karne moja. The Railway Magazine lilianza kuchapishwa London mwezi Julai 1897, wakati ambapo Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka uliotangulia, ilikuwa bado haijafika pale palipokuja kuwa Nairobi. Nchini Marekani, Model Railroader, jarida la waundaji wa treni ndogo za mfano, lilianzishwa mwaka wa 1934, na Trains likafuata mwaka wa 1940. Majarida hayo yamekuja kusomwa kwenye karatasi na kwenye skrini pia, na wasomaji wake wamebishana kwa muda mrefu kuhusu namna iliyo bora. Ubishi huo kwa kawaida huendeshwa na watu ambao jarida huwafikia mlangoni kila mwezi, na ndiyo maana hoja zake nyingi, kama vile harufu ya wino, uzito wa karatasi mkononi au raha ya kusoma kitandani, hupungua nguvu zinapopelekwa mahali ambapo karatasi yenyewe ilipatikana kwa kubahatisha.

Gakindu, soko dogo la Mukurweini katika kaunti ya Nyeri, ni mahali pa namna hiyo. Liko kwenye migongo ya kahawa na ng'ombe wa maziwa, na reli haikuwahi kufika huko. Njia ya treni ya upande huu wa Mlima Kenya ni tawi lililotoka Nairobi na kufika Thika mwaka wa 1913, likaendelezwa polepole kupitia Murang'a, Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, hadi lilipofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ni njia yenye tabia ya ajabu kidogo, kwa kuwa treni inayokwenda mlimani huanza kwa kushuka: kutoka nyanda za Thika huteremka hadi bonde la Sagana, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ndipo ianze kupanda tena hadi Nanyuki, ambako ni zaidi ya mita 1,900. Hata mji wa Nyeri wenyewe, uliokuwa makao makuu ya utawala wa eneo zima, haukupewa reli; stesheni yake iliwekwa Kiganjo, na abiria alilazimika kutafuta usafiri mwingine wa kumfikisha mjini. Kwa hiyo mtu aliyekulia Gakindu na akapenda treni aliijua zaidi kwa kusoma kuliko kwa kuiona, na mwandishi wa makala haya, ambaye kumbukumbu zake zinatumiwa hapa kama ushahidi wa karibu, alikuwa mmoja wa watu hao.

Ugumu wa kwanza wa jarida la karatasi ulikuwa namna ya kulilipia. Hadi Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni ilipofutwa nchini Kenya mwaka wa 1995, baada ya masharti yake kulegezwa hatua kwa hatua miaka iliyotangulia, mwananchi wa kawaida hakuweza kuamka tu akatuma pauni kadhaa London kwa ajili ya burudani yake. Alihitaji benki, fomu na sababu, na kupenda treni haikuwa sababu ambayo karani wa benki angeipokea bila kutabasamu. Aliyefanikiwa alisubiri posta ya meli, kisha akategemea sanduku la posta la shule au la kanisa, ambalo ufunguo wake ulishikwa na mtu mwingine. Njia iliyobaki ilikuwa wauzaji wa vitabu vikuukuu waliotandaza bidhaa zao kando ya barabara mjini Nyeri na Nairobi, ambako majarida yaliyoachwa na wageni waliorudi kwao yaliuzwa kwa bei ya gazeti, mara nyingine bila jalada.

Msomaji wa namna hiyo hakuwa na mfululizo. Alipata sehemu ya pili ya makala bila kuwahi kuiona ya kwanza, akapata jibu la barua ambayo hakuisoma, na tangazo la mkutano uliokwisha fanyika miaka mingi nyuma. Hata hivyo uhaba huo ulizaa usomaji wa namna ya pekee, kwa sababu kila nakala ilisomwa hadi mfupa: tahariri, barua, matangazo ya gundi na rangi, bei za vichwa vya treni za mfano, hata anwani ya mchapishaji iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwisho. Katika usomaji huo wa kulazimika, mwandishi alisoma makala ndefu kuhusu reli nyepesi za nchi asiyokuwa na haja nayo, kwa kuwa tu hakuwa na kingine cha kusoma, na humo akakuta maelezo ya mzigo wa ekseli, yaani uzito ambao kila jozi ya magurudumu huukandamiza juu ya reli.

Dhana hiyo moja ilitegua kitendawili cha nyumbani. Vichwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuendeshwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki vilikuwa vya daraja la 59, mashine 34 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Cha kwanza kati yake, nambari 5901, kiliitwa Mount Kenya. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, na mzigo wa ekseli wa tani 21, kwa hiyo kilihitaji reli nzito za njia kuu ya kutoka Mombasa na hakikuwa na njia ya kupita juu ya reli nyepesi za matawi. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mashine iliyobeba jina la mlima huu ilifanya kazi yake mbali na mlima wenyewe, na tawi lililopita kando ya mlima likaachiwa vichwa vidogo zaidi.

Mashine za daraja la 59 zilikuwa za muundo wa Garratt, uliopewa jina la mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeuombea hataza mwaka wa 1907. Katika muundo huo tangi la kuchemshia maji hukaa katikati, likining'inia kati ya fremu mbili zenye injini na magurudumu yake, moja mbele na nyingine nyuma, ili mashine ndefu iweze kukunja kona kali bila kuacha reli. Urefu huo, ambao kwa daraja la 59 ulikaribia mita 32, ndio unaoonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya karatasi na skrini. Mhariri wa jarida la karatasi aliyetaka kuionyesha Garratt yote hakuwa na budi kuitandaza juu ya kurasa mbili za katikati, na hapo pini mbili za kushikilia jarida zilitoboa tangi la mvuke mahali palepale ambapo msomaji alitaka kutazama, huku kibao cha jina kikimezwa na mkunjo. Kwenye skrini mkunjo haupo. Picha iliyopigwa skani vizuri hukuzwa kwa vidole viwili hadi kibao cha mtengenezaji kisomeke, nambari na mwaka, na mwandishi hana haya kukiri kwamba alijifunza mengi zaidi kuhusu mabomba na vali za Garratt ndani ya jioni moja ya kukuza picha kuliko alivyojifunza kwa miaka ya kuzikodolea macho pini.

Lakini kuna kurasa ambazo karatasi ilizimudu na skrini huziharibu, nazo ni michoro ya vipimo. Waundaji wa treni za mfano hufanya kazi kwa uwiano uliowekwa, kwa mfano 1:87, maana yake kila sentimita 87 za treni halisi huwa sentimita moja ya mfano. Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita moja kati ya reli na reli, kwa hiyo kwa uwiano huo njia ya mfano inapaswa kuwa na upana wa milimita 11.5 hivi, ilhali njia ya kawaida inayouzwa madukani Ulaya na Marekani ina upana wa milimita 16.5, kwa sababu imekusudiwa reli pana za huko. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kuunda treni ya Nanyuki hapati kwa urahisi cha kununua. Mara nyingi hulazimika kukata kadibodi, waya na bati kwa mkono wake, na anahitaji mchoro anaoweza kuupima. Mchoro uliochapishwa kwa uwiano kamili katika jarida la karatasi ni kifaa cha kazi: rula huwekwa juu yake, karatasi ya kunakilia huwekwa juu yake, na kipimo huchukuliwa moja kwa moja. Mchoro uleule kwenye simu hauna ukubwa wowote wa kudumu, kwa kuwa hubadilika kila kidole kinapogusa kioo. Msomaji huupeleka saiba, yaani duka la huduma za kompyuta, ukachapwe, na huko mashine, kwa ukarimu ambao hakuna aliyeuomba, huupunguza ukurasa ili utoshee pambizo za karatasi, ikipokonya milimita chache kila upande. Isitoshe, Garratt ya daraja la 59 kwa uwiano wa 1:87 ni ndefu zaidi ya sentimita 36, na karatasi ya A4 ina sentimita 29.7 tu. Wahariri wa majarida ya kidijitali wanaojua kazi yao huchora mstari wa kipimo kando ya mchoro, ili msomaji aupime mstari huo kwanza na kugundua kama ametapeliwa. Wasioijua huacha jambo hilo kwa bahati.

Jarida la kidijitali halikufika Gakindu kama mpinzani wa karatasi, kwa kuwa karatasi ilikuwa haijafika ipasavyo. Lilifika kama jarida la kwanza lenye mfululizo. Mwaka wa 2009, Mmarekani Joe Fugate alianzisha Model Railroad Hobbyist, jarida lililotolewa bure kwenye intaneti kama faili kamili, lenye jalada, kurasa zenye nambari na matangazo ya kulilipia, na kwa mara ya kwanza msomaji wa migongo ya kahawa akawa na toleo lilelile, siku ileile, na msomaji wa Oregon. Gharama ilihama kutoka benki kwenda kwenye bando: faili moja yenye picha nyingi iliweza kumaliza data ya juma zima, na watu walipanga kuipakua usiku au wakiwa ofisini kwa mwajiri, jambo ambalo waajiri husika hawana haja ya kulisoma hapa. Kurasa nazo zilitengenezwa kwa kioo kikubwa. Safu mbili za maandishi zinazosomeka vizuri kwenye kompyuta humlazimisha mwenye simu kushuka, kupanda na kushuka tena ndani ya ukurasa mmoja, hadi anasahau sentensi ilianzia wapi.

Baada ya hapo ikaja hazina ya matoleo ya kale, yaliyopigwa skani na kuwekewa uwezo wa kutafutwa kwa neno, na mabadiliko yake yalikuwa makubwa kuliko yale ya karatasi na skrini. Anayeandika “Nanyuki” katika kisanduku cha kutafutia huletewa kila mstari wenye neno hilo na asiletewe kingine chochote. Hii ni neema kubwa kwa mtafiti. Bila hiyo, habari chache na zilizotawanyika za tawi la Nanyuki zisingekusanyika. Hata hivyo anayetafuta hupata tu kile ambacho tayari anakijua vya kutosha kukiulizia. Makala ile ya reli nyepesi isingeletwa na utafutaji wowote, kwa kuwa haikutaja Kenya, na mwandishi wakati huo hakuwa na neno la kuandika kisandukuni. Aliyemletea elimu hiyo alikuwa mhariri, aliyeiweka kati ya makala mbili nyingine kwa sababu zake mwenyewe, na kufunga ukurasa.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo mjadala wote unapopotea njia. Watu husema wanaililia karatasi, kumbe wanachokililia ni toleo: mkusanyiko wenye mwanzo na mwisho, uliochaguliwa na mtu anayewajibika kwa uchaguzi wake, ambao msomaji anaweza kuumaliza na kusema amemaliza. Faili ya jarida lenye kurasa na jalada huhifadhi jambo hilo hata bila tone la wino, na rundo la karatasi zilizokatwa kutoka majarida mbalimbali hulipoteza ingawa ni karatasi tupu. Mkondo wa habari usio na mwisho, unaojisogeza kadiri kidole kinavyosogea, humpa mpenzi wa reli picha nzuri nyingi kila siku, na jioni hakumbuki hata moja ilipigwa wapi.

Skrini, kwa upande wake, ilimpa msomaji wa huku uwezo wa kujibu. Picha moja ya Garratt ya miaka ya 1960, iliyochapishwa katika jarida moja la ng'ambo na baadaye kupigwa skani, ilikuwa na maelezo kwamba moshi mweusi uliotanda juu ya mashine ulikuwa wa makaa ya mawe. Mwandishi alimwonyesha picha hiyo mzee mmoja wa kijijini aliyestaafu kazi ya reli, ambaye vijana wote humwita guka, jina ambalo Wakikuyu humwitia babu.

“Guka, hapa wameandika ni makaa ya mawe.”

“Makaa ya nani, kijana? Mashine zetu zilikula mafuta mazito. Na kwa moshi mweusi namna hiyo, fayamani angeitwa ofisini.”

Fayamani ni msaidizi wa dereva anayesimamia moto, na katika mashine za mafuta kazi yake ilikuwa kurekebisha vali hadi moshi uwe mwepesi, kwani moshi mzito ni mafuta yaliyopotea bila kuungua. Mzee huyo aliitazama picha kwa muda mrefu zaidi upande ambao maelezo hayakuugusa kabisa, walikosimama watu watatu kando ya magurudumu, akasema yule wa kushoto si dereva, maana dereva hakushika mkebe wa mafuta ya kulainishia mbele ya mpiga picha akiwa na fayamani wa kumshikia. Jarida lilikuwa limetaja daraja la mashine, nambari yake na mahali. Watu watatu halikuwataja. Zamani kosa la namna hiyo lingehitaji barua, stempu na miezi ya kungoja, na mzee asiyeandika Kiingereza asingejisumbua. Kwa simu, sahihisho lake lilimfikia mhariri kabla ya chai kupoa, na hoja ya gharama ya bando haionekani kubwa tena.

Suala la uhifadhi ndilo linalozungumzwa kwa haraka mno na pande zote mbili. Karatasi kwenye baridi ya Julai ya Nyeri, wakati ukungu unapokaa hadi adhuhuri, hunyonya unyevu, huvimba na kuota kuvu; zisizooza huliwa na mchwa, na zilizosalia huishia kwa mwenye bucha kufungia nyama. Hata hivyo nakala moja iliyosahauliwa juu ya kabati kavu hubaki ikisomeka bila ruhusa ya mtu yeyote. Faili haina subira hiyo. Majarida mengi ya mwanzo ya kidijitali, yale yaliyoiga mlio na mwendo wa ukurasa unaogeuzwa, yalitegemea programu ya Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa Desemba 2020, na yale ambayo wenyewe hawakuyahamisha yakawa hayafunguki. Model Railroader lilipotimiza miaka 75 lilikusanya matoleo yake yote kwenye diski za DVD, na kompyuta nyingi za leo hazina hata tundu la kuzitia. Mnamo Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa miezi kadhaa, huku vitabu vyenyewe vikiwa rafuni.

Mwezi uleule wa Desemba 2020 Flash ilipokuwa ikizimwa, treni ya abiria ilirudi Nanyuki. Njia ya kilomita 178 kutoka Thika ilikuwa imelala miaka mingi, mataruma yake, yaani vipande vinavyolalia chini ya reli, yakiwa yamefunikwa na nyasi na udongo; serikali ilitumia takribani shilingi bilioni 1.8 kuifufua, na mabehewa yakapita tena Sagana na Karatina juu ya njia iliyowekwa na watu waliokwisha kufa. Mwandishi hawezi kuficha kwamba ulinganifu huo ulimchekesha: njia ya karibu miaka 90 ilifunguka, na jarida lililokuwa na umri usiozidi miaka kumi halikufunguka. Kuna pia jambo la umiliki. Anayelipia hazina ya majarida kwa mwaka amekodi mlango tu, na siku atakapoacha kulipa, au atakapokufa, watoto wake hawarithi hata ukurasa mmoja.

Pengo ambalo karatasi wala skrini ya ng'ambo haijalijaza linahusu machapisho ya reli ya hapa nyumbani. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka wa 1948, lilikuwa na jarida lililoitwa Spear na gazeti la wafanyakazi lililoitwa Sikio, na humo wafanyakazi wa stesheni ndogo waliweza kusoma habari za watu kama wao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na reli kugawanywa, nakala zilizokuwa katika nyumba za wafanyakazi hazikuwa mali ya mtu yeyote hasa. Mzee wa Gakindu anakumbuka kulisoma Sikio na hana hata kipande chake. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1971, linatunza vichwa na mabehewa, likiwemo lile ambamo simba alimuua ofisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka wa 1900, na wageni husimama zaidi mbele ya behewa hilo kuliko mbele ya karatasi yoyote.

Kinachowezekana leo kwa gharama ndogo ni jarida fupi la tawi la Nanyuki, lenye safu moja inayosomeka kwenye simu, mstari wa kipimo kando ya kila mchoro, na majina ya watu chini ya picha sambamba na nambari za mashine, likitumwa kama faili na nakala chache zikichapwa na kupelekwa maktaba ya Nyeri na kwenye makumbusho. Picha zipo, wazee wachache wapo, na saiba ya Mukurweini ina mashine ya kuchapa. Asiyepatikana hadi sasa ni mhariri atakayekubali kulifunga toleo la kwanza.